Viatu vya Chuma na Leso Mbili

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, niliposimama mbele ya mkutano wa hospitali nikasoma ripoti niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wakanipigia makofi, nami nikaketi nimevimba kichwa kama mtu aliyeshinda kiti cha ubunge. Kumbe karibu kila nililolisoma siku ile lilikuwa kosa. Nikilifikiria leo bado naona haya kidogo, halafu nacheka, halafu moyo unachangamka kama zamani, kwa sababu kosa lile ndilo lililoniingiza katika kazi niliyoipenda mpaka nywele zikageuka nyeupe.

Uliniuliza juzi kama mtu wa fani zetu hizi, asiye daktari wala muuguzi, anaweza kufanya utafiti na kuongoza wengine. Uliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. Basi tulia nikujibu kwa urefu. Chai ipo, na mimi nimestaafu, sina foleni ya wagonjwa mlangoni.

Mimi ni mzaliwa wa Sori, kule Nyatike, na jina langu nililopewa nyumbani ni Awuor. Nilisomea fiziotherapia, nikapangiwa kazi katika hospitali moja mjini Migori. Wakati ule wengi hawakujua sisi ni akina nani. Wagonjwa walituita daktari, madaktari walituita watu wa kukanda, na mganga mkuu alipotoa hotuba alisema, "Madaktari, wauguzi, na hawa wengine." Hawa wengine! Humo ndani alikuwemo mtu wa maabara, mtu wa lishe, mpiga eksirei, mtengenezaji wa viungo bandia, na mimi mwenyewe na koti langu lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kliniki ya Alhamisi, ya watoto waliozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Mwanangu, hakuna furaha kama ile! Unamshika mtoto wa wiki mbili, unausogeza mguu wake taratibu, kidogo tu, kisha unaushikilia hapo wakati mwenzako anafunga plasta. Wiki inayofuata plasta inakatwa, unausogeza tena kidogo. Baada ya wiki kadhaa mguu uliokuwa umegeukia ndani unakutazama umenyooka. Nimeona baba mzima akitoka nje akajifanya anaongea na simu ili tusimwone akilia.

Lakini plasta haimalizi kazi. Mguu ule una tabia ya kurudi ulikotoka. Kwa hiyo mtoto huvalishwa viatu viwili vidogo vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, nyayo zikiangalia nje. Miezi ya kwanza anavivaa mchana na usiku, vinavuliwa wakati wa kuoga tu. Baadaye anavivaa akilala, mpaka afikishe miaka minne hivi. Akina mama waliviita viatu vya chuma.

Na hapo ndipo tulipokwama. Watoto wetu wengi waliondoka miguu imenyooka, wakarudi miguu imepinda. Tuliwafunga plasta upya, wakarudi tena. Nilichoka. Nilikasirika. Nikakaa mezani kwangu nikaandika ile ripoti, na nikaipa kichwa kwa Kizungu kizuri sana ambacho maana yake ni uzembe wa akina mama. Nikapendekeza kwamba, kwa kuwa viatu vilikuwa vichache, mama ambaye miguu ya mtoto wake imerudi mara mbili aondolewe kwenye orodha, viatu wapewe wengine.

Mganga mkuu aliipenda. "Leo nimefurahi," alisema. "Mmoja wa hawa wengine ameandika kitu cha maana." Na kwa kuwa nafasi ya mkuu wa kitengo chetu ilikuwa wazi, kila mtu alinitazama kana kwamba kiti nimeshakikalia.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Alikuwa Mzee Marwa, fundi wetu wa plasta, Mkuria wa upande wa Ntimaru, mtu mrefu, mkimya, ambaye mikono yake ilikuwa na weupe wa chokaa hata siku za Jumapili. Alikuwa amefunga plasta katika chumba kile tangu mimi niko shule ya msingi. Mkutano ulipokwisha nilimkuta anaosha mabeseni yake.

"Mzee, hukuipenda ripoti?"

"Nimeipenda," alisema bila kugeuka. "Kizungu chake kimenyooka kuliko miguu ya wale watoto." Akamwaga maji. "Sasa niambie, Awuor. Hao akina mama uliowaandika, ulikaa na nani?"

"Kukaa nao vipi? Si nawaona kila Alhamisi?"

"Kuwaona unawaona. Nauliza ni nani alikuambia kwa nini viatu vinavuliwa."

Nikawapitia kichwani mmoja mmoja. Hakuwepo hata mmoja.

"Basi umeandika mawazo yako," alisema. "Mtu wa maabara akiandika majibu ya damu kwa kuwaza tu, atafukuzwa kazi. Wewe umepigiwa makofi."

Nilitoka pale nimenuna. Nilijiambia, huyu ni fundi wa plasta, mimi ndiye niliyesoma. Angalia kiburi hicho, mwanangu! Nilikuwa nalalamika kwamba madaktari hawatusikilizi, na papo hapo nikakataa kumsikiliza aliyekuwa chini yangu.

Alhamisi ikafika. Orodha mpya ilikuwa imebandikwa mlangoni, na jina la kwanza kuondolewa lilikuwa la mama mmoja kijana aitwaye Robi, kutoka huko huko Ntimaru. Mtoto wake, Chacha, alikuwa na miezi kumi. Miguu yake ilikuwa imenyooka mara mbili, na mara mbili ilikuwa imerudi. Nilimsomea Robi uamuzi kwa sauti ya ofisini. Hakulia, hakubisha. Aliviweka vile viatu juu ya meza yangu, akavifuta vumbi kwa ncha ya leso yake, akasema, "Haya daktari. Patia mwingine." Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Nilikuwa navitupa kabatini Mzee Marwa aliponishika mkono. "Hebu lete." Akavigeuzageuza karibu na dirisha. "Tazama mikanda."

Nilitazama. Mikanda ya ngozi ilikuwa imelegea, na matundu yake yamepanuka kwa kufungwa na kufunguliwa. Ndani ya viatu kulikuwa na alama ya visigino viwili vidogo, imezama kabisa.

"Viatu visivyovaliwa havichakai hivi," alisema Mzee Marwa.

Kama viatu vilikuwa vinavaliwa, basi ripoti yangu ilikuwa inasema uongo. Na kama vilikuwa vinavaliwa na kuvuliwa, kuvaliwa na kuvuliwa, basi kuna kitu kilikuwa kinamlazimisha Robi avivue. Kitu gani? Tangu nizaliwe sikuwahi kutaka kujua jambo kama nilivyotaka kujua jambo hilo.

Jumamosi tulikwenda Ntimaru mimi na mzee, viatu nikiwa navyo kwenye mfuko. Tulimkuta Robi shambani anapalilia mahindi, Chacha yuko mgongoni, miguu mitupu inaning'inia. Alipotuona aliangusha jembe. Alidhani tumekuja kumshtaki kwa chifu. Mzee Marwa akamsalimu kwa Kikuria, akamuulizia mama mkwe wake, akaulizia mvua, akaulizia ng'ombe. Hakugusia miguu mpaka tulipoketi na kupewa uji. Mimi kiti kilikuwa kinaniwasha kwa haraka, lakini nilinyamaza, na hilo nalo lilikuwa somo.

Hatimaye nikasema, "Robi, sijaja kukulaumu. Nimekuja kuuliza. Hivi viatu, vilikuwa vinakusumbua wapi?"

Alimtazama Mzee Marwa kana kwamba anauliza ni mtego au siyo. "Sema tu, mwanangu," mzee akamwambia.

"Mimi nilikuwa navalisha yeye kila asubuhi, tata," alisema, akimwita mzee baba kwa Kikuria. "Lakini mimi nabeba mtoto mgongoni. Nikienda shamba niko na yeye, nikienda maji niko na yeye. Nikimfunga na hii chuma, inaniingia hapa." Akageuka, akainua blauzi kidogo juu ya kiuno. Palikuwa na makovu mawili, moja kuukuu na moja bado bichi. "Nikishindwa navua. Nikirudi jioni navalisha tena. Sasa daktari, nibebe mtoto ama nibebe chuma?"

"Mbona hukuniambia kliniki?"

"Wewe ulikuwa unauliza, 'Umevalisha ama hujavalisha?' Nikisema nimevalisha, ni uongo kidogo. Nikisema sijavalisha, ni uongo pia. Hukuuliza ingine."

Mwanangu, nimefanya mitihani mingi maishani, lakini sijawahi kufeli mbele ya watu kama nilivyofeli pale penye uji.

Nikamwomba ruhusa nijaribu mwenyewe. Nikamvalisha Chacha viatu, Robi akanifunga mtoto mgongoni kwa leso yake, nikashika jembe, nikaanza safari ya kwenda kwenye migomba. Si mbali, kama kutoka hapa hadi kwa jirani. Ule ufito ulinichoma kiunoni kila hatua. Nikiinama, unachoma zaidi. Nikinyooka, mtoto anateleza. Sikuifikia migomba. Mama mkwe alicheka mpaka akaketi chini, na Robi, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu, alijifunika uso kwa mikono akatetemeka kwa kicheko. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka, na sijui hata leo yalikuwa machozi ya nini.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea. Tuwaulize wote, mzee! Wa Rongo, wa Nyatike, wa mpakani! Mzee Marwa aliniacha niongee mpaka nikachoka, kisha akasema maneno machache ambayo baadaye nilikuja kuyakuta katika vitabu vikubwa vya utafiti. "Uwe na daftari moja. Kila mama umuulize maswali yale yale. Na usimwonyeshe jibu unalotaka, maana atakupa hilo hilo akufurahishe." Kisha akaongeza, "Lakini kwanza ile ripoti. Ilisomwa hadharani."

Nilielewa alichomaanisha, na hamu yote ikanitoka kwa muda. Siku tatu sikula vizuri. Nafasi ya ukuu wa kitengo ilikuwa inatolewa mwezi ule ule, na ripoti ndiyo iliyokuwa imenipendekeza. Ningeweza kunyamaza, nikamrudishia Robi viatu kimyakimya, nani angejua? Nilikuwa na mpango huo kabisa. Lakini kila nilipofunga macho niliiona ile ncha ya leso ikifuta vumbi.

Jumanne iliyofuata nilinyoosha mkono. Nikasimama. Nikasema, "Ripoti niliyosoma juma lililopita naomba iondolewe. Niliwaita akina mama wazembe na sikumuuliza hata mmoja. Nimekwenda kwa mmoja wao, nimegundua mzembe ni mimi. Naomba walioondolewa kwenye orodha warudishwe."

Mganga mkuu alivua miwani. "Unajua nimeshaisifu ripoti hiyo kwa wakubwa wangu?"

"Najua, daktari. Nisamehe."

"Na sasa unataka nini?"

"Ruhusa ya kuuliza. Nataka kufanya utafiti."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Mganga mkuu hakucheka, lakini alisema, "Dada yangu, utafiti una wenyewe. Ni kazi ya madaktari. Wewe utasimamiwa na nani?"

Hapo ndipo kiti kiliposogezwa, na Mzee Marwa, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kusema neno katika mkutano, akasimama. "Mimi nitakaa naye," alisema. "Hawa watoto nawajua miguu. Yeye anajua kuandika. Kama daktari ataona inafaa, atuangalie tusipotee."

Mganga mkuu alitutazama, mara huyu mara yule. Kisha akacheka kidogo na kutikisa kichwa. "Wale walioondolewa warudishwe leo hii. Na nyinyi wawili, andikeni mnachotaka kufanya, mpeleke kwa kamati ya maadili. Wakikubali, sitawazuia."

Nikakosa ukuu wa kitengo. Ulipewa mtu mwingine, na nisikudanganye, niliumia. Lakini nilikuwa na daftari jipya mkononi, na kila nikilishika nilijihisi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Kamati iliturudishia karatasi mara tatu. Mara ya kwanza walisema hatujaeleza tutawaombaje akina mama ridhaa yao. Walikuwa sahihi. Mara ya pili maswali yetu yalikuwa yanamwelekeza mtu. Walikuwa sahihi tena. Mhadhiri mmoja aliyekuwa akiishi Rongo alinisaidia Jumamosi nyingi, akikata sentensi zangu ndefu kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikaonekana imechinjiwa kuku. Mara ya nne wakakubali. Niliibusu ile barua, mwanangu! Mbele ya karani!

Tukaanza kuzunguka. Mlima na bonde, Kikuria na Dholuo, Mzee akitafsiri huku, mimi nikitafsiri kule. Tulisikia mengi ambayo sikuyatarajia, lakini karibu kila nyumba ilirudi kwenye jambo lile lile: mgongo. Tulijua tatizo sasa. Dawa yake hatukuijua. Nilichora mikoba, nilichora mbeleko za ajabu, Mzee Marwa alifunga sponji kwenye ufito. Ilisaidia kidogo tu.

Halafu tukafika Sori, kwetu.

Pale ufukweni, mahali wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani, tulikwenda kumtafuta mama mmoja aitwaye Akinyi. Katika daftari letu mtoto wake, Adhiambo, alikuwa kama kitendawili: viatu vya chuma mchana na usiku, na miguu haijarudi hata mara moja. Nilimwona kwa mbali ameinama anatandaza omena juu ya neti. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Na miguuni, mwanangu, alikuwa amevaa viatu vyote viwili na ufito wake!

Nilikimbia. Mtu mzima na koti, nikakimbia juu ya omena za watu nikatukanwa kwa Dholuo safi. "Mama Adhiambo, simama hivyo hivyo! Usiinuke!"

Alishtuka. Nilizunguka nyuma yake. Alikuwa amekunja leso moja, akaisokota ikawa nene kama kata, ile ngata tunayoiweka kichwani tukibeba ndoo, lakini yeye alikuwa ameizungushia kiunoni. Ufito ulikuwa umekaa juu ya kata hiyo kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Mtoto alikuwa amekunja magoti, amechuchumaa kwa starehe, na leso ya pili ndiyo iliyomshikilia mgongoni. Nyayo zilikuwa zinaangalia nje kama zinavyotakiwa. Nilipima kwa kifaa changu, nikapima tena.

"Nani alikufundisha hii?" niliuliza, pumzi zimekatika.

"Mgongo wangu," alijibu. "Uliniuma siku tatu, siku ya nne ukanifundisha."

"Na mbona hukutuambia hospitali?"

"Hamjaniuliza," alisema Akinyi, akaendelea kutandaza omena zake.

Mzee Marwa aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akacheka bila sauti, mabega yanaruka. Mimi nilimkumbatia yule mama mpaka akaniambia, "Nyathina, mwanangu, wacha basi, omena itaharibika."

Hatukukimbilia kutangaza. Hilo nalo nililijifunza kwa mzee. Kwanza tuliwaomba akina mama walioridhia wajaribu, Robi akiwa wa kwanza. Tulipima miguu kila kliniki, tukaandika waliofanikiwa na walioshindwa pia, maana wapo walioshindwa, na mtafiti anayewaficha walioshindwa hana tofauti na mimi wa ile ripoti ya kwanza. Chacha alifungwa plasta mara ya tatu, akavaa viatu, akabebwa kwa leso mbili. Safari hii miguu ilikaa. Siku aliposimama wima mwenyewe akishikilia benchi la kliniki, Robi alipiga kigelegele mpaka mpiga eksirei akaja mbio akidhani kuna ajali.

Baadaye tuliitwa Homa Bay. Kulikuwa na mkutano wa watu wa afya kutoka kaunti za ziwa, katika ukumbi mmoja mkubwa ulioelekea maji, na karatasi yetu ilikuwa imekubaliwa. Nilikuwa na dakika kumi. Nilimwomba Akinyi aje nami, akaja na leso zake mbili na mwanasesere wa vitambaa aliyevalishwa viatu vya chuma. Nilipofika mwisho wa maelezo, bingwa mmoja wa upasuaji wa mifupa, mtu wa makamo mwenye suti ya bei, alishika kipaza sauti.

"Wewe ni mtu wa fiziotherapia, siyo?"

"Ndiyo, daktari."

"Kwa nini nikuamini kwamba kata ya leso inaweza kubeba ufito bila kugeuza mguu?"

Zamani ningetafuta neno kubwa la kujificha nyuma yake. Siku ile nilisema, "Usiniamini, daktari. Vua koti ujaribu."

Ukumbi ulilipuka! Na yule bwana, Mungu ambariki, alivua koti kweli. Akapanda jukwaani. Akinyi akamzungushia leso kiunoni, akasokota kata, akamkalisha mwanasesere, akamfunga leso ya pili kifuani kwa nguvu mpaka daktari akatoa sauti. "Tembea," Akinyi alimwambia kwa Kiswahili, kama anayemwambia mkwe wake. Akatembea. "Inama, okota omena." Akainama. Akapima nyayo za yule mwanasesere mwenyewe, akainua kichwa, uso umebadilika kabisa. Akasema kwenye kipaza sauti, "Nimepasua miguu iliyorudi kwa miaka mingi. Sikuwahi kuuliza mama anambebaje mtoto." Watu walisimama kupiga makofi, naye akawa anampigia Akinyi, bado amefungwa leso.

Lakini si hilo ninalotaka ulibebe. Wakati wa chai nilimwona Mzee Marwa amesimama peke yake karibu na dirisha, amefungua kitabu cha mkutano. Karatasi yetu ilikuwa na majina matatu: langu, la Akinyi ambaye alikubali liandikwe, na lake. Alikuwa ameweka kidole chini ya jina lake, kidole kile chenye weupe wa chokaa.

"Kuna makosa, mzee?" nilimuuliza.

"Hakuna," alisema. "Awuor, plasta zote nilizofunga maishani zilikatwa zikatupwa. Ndivyo inavyotakiwa, sisikitiki. Lakini hii haitakatwa."

Nilimshika mkono tu, tukasimama hivyo, chai ikapoa.

Miaka michache baadaye niliombwa kuongoza kitengo chetu, na baada ya hapo nikapewa vitengo vyote vya hawa wengine: maabara, lishe, eksirei, viungo bandia, wote. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumpa kila mmoja daftari. Nikawaambia, andika kinachokushangaza. Kijana wa lishe akaandika kwa nini watoto wa kijiji fulani hawanenepi ingawa chakula kipo. Dada wa maabara akaandika kwa nini sampuli za siku za soko zinaharibika. Ah, vikao vya Ijumaa vilikuwa moto! Watu walibishana mpaka chakula cha mchana kikasahaulika. Baadhi yao leo wana shahada za juu kuliko yangu, wanafundisha, wanakaa katika kamati zile zile zilizokuwa zinaturudishia karatasi.

Basi jibu langu ni hili, mwanangu. Ndiyo, unaweza. Tena wewe una nafasi ambayo bingwa mkubwa hana. Yeye humwona mgonjwa dakika chache. Wewe unamshika mguu, unamfundisha kutembea, unakaa naye wiki baada ya wiki, na mikono yako inajua mambo ambayo bado hayajaandikwa popote. Yaandike. Lakini kabla hujaandika neno juu ya mtu, nenda kakae naye, unywe uji wake, umuulize kwa nini, kisha unyamaze asikie kwamba kweli unasubiri jibu. Fuata taratibu za utafiti hata zikuchoshe, maana zimewekwa kumlinda yule usiyemjua. Aliyekusaidia kupata jibu mwandike jina lake, awe profesa au awe mwanika omena. Na ukikosea hadharani, sahihisha hadharani. Cheo unachokipoteza kwa kusema kweli kinaweza kurudi au kisirudi, hilo siwezi kukuahidi, lakini watu watakaokufuata baadaye watakuwa wanajua wanamfuata nani. Usisubiri uitwe kiongozi ndipo uanze kuongoza. Mzee Marwa hakuwahi kupewa ofisi, na ndiye aliyeniongoza mimi.

Sasa inuka uende, umenisikiliza vya kutosha. Mungu akupe mikono mipole na masikio marefu. Akukutanishe na wazee wa kukukosoa mapema, na akina mama wasioogopa kukuambia ukweli. Kila mtoto utakayemgusa asimame, kila swali utakalouliza lizae jingine, na kazi ya mikono yako ikae hata baada ya wewe kupumzika. Nenda, mwanangu. Wanakusubiri.